Heko kwa Gia Iliyopasuka

Wafalme wana malenga wao, wanasoka wana watangazaji, hata paka siku hizi wana wapiga picha. Gia ya plastiki iliyopasuka ndani ya kichwa cha treni ya mfano haina mtu. Leo naomba niwe wakili wake, bila ada.

Tuanze na unyenyekevu. Kichwa cha dizeli cha kipimo cha HO ni kile kilichopunguzwa mara 87 kutoka ukubwa halisi, kinachotembea juu ya reli zenye upana wa milimita 16.5. Rangi yake husifiwa, honi yake husifiwa. Gia ya ekseli iko chini gizani, imeshindiliwa katikati ya magurudumu mawili, na hakuna mwendo usiopita kwenye meno yake. Hata mwenye treni hajawahi kuiona. Ikichoka haigomi wala haidai nyongeza. Hutoa ufa mwembamba kati ya jino na jino, basi.

Kisha ina haki isiyojua tajiri wala maskini. Plastiki yake husinyaa kadiri miaka inavyopita, chuma kilichomo ndani hakisinyai, na mvutano huo huipasua hata ikiwa imelala. Anayekimbiza treni kila jioni atapasukiwa, na aliyeifungia kwenye boksi ili ipande bei atapasukiwa vilevile. Vichwa vya GP9 vya Proto 2000, vilivyouzwa na Life-Like ya Marekani, vimejipatia umaarufu mkubwa kwa usawa huu.

Tuusifu na ufasaha wake. Mota ikiungua hukaa kimya, waya ukikatika hukaa kimya. Gia hujieleza: tak, tak, tak, mara moja kila ekseli inapozunguka, kwa sababu penye ufa pengo la meno limekuwa pana na gia ya pili hulazimika kulipanda. Treni hurukaruka kama mwenye kokoto kiatuni. Ufa ukizidi, ekseli huteleza ndani ya gia na safari huisha.

Tena haihongeki. Wengi wamejaribu kuinyamazisha kwa gundi, ikawakatalia: plastiki yake ni ya utelezi, gundi haiishiki vizuri, na hata ikishika kidogo, lile pengo halirudi kuwa sawa.

Lakini sifa yake kuu ni ukarimu. Kichwa kipya chenye sauti hupita dola 200 kwa urahisi. Kilichopasuka gia hutupwa kwenye meza ya mitumba kwa bei ya kutupa, maana muuzaji huamini mota imekufa. Mnunuzi mwenye masikio hulipa kidogo, kisha huagiza gia za kampuni ya Athearn zinazoingia humo, kwa dola chache tu. Hufungua kifuniko cha chini cha bogi, hutoa ekseli, huvuta magurudumu huku akiyazungusha, hushindilia gia mpya. Hupima nafasi ya magurudumu kwa kipimo cha NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, ili yasiruke reli, hutia tone la grisi isiyokula plastiki, na kazi imekwisha. Mwenye busara hubadilisha zote nne, kwani mwenzao amekwisha kunyolewa na hizo tatu hazina hata maji ya kutia.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kupasuka kwa gia ndio mwanzo wake: bila ufa huo, vichwa vizuri vingebaki kabatini kwa wenye fedha, na sisi wengine tungekodolea macho madirisha ya maduka.

Kwa hiyo, msomaji, ukikuta GP9 safi imeandikwa “mbovu, ya vipuri”, usimsahihishe muuzaji. Lipa, shukuru, ondoka.