Sifa za Mayowe ya Jumanne

Stockholm ni jiji la foleni. Chumba cha mwanafunzi hugawiwa kwa siku za kusubiri: unajiandikisha kwenye taasisi ya nyumba za wanafunzi, kila kukicha unaongezewa siku moja, na chumba kikitangazwa anakichukua mwenye siku nyingi kuliko wenzake. Duka la dawa unakata kikaratasi cha namba. Mashine ya kufulia unaiwekea nafasi mapema, na ukichelewa mwingine anaingiza nguo zake, tena kwa haki. Kufungua akaunti ya benki bila namba ya utambulisho ya Uswidi ni kesi inayolala na kuamka. Jambo ambalo mgeni anaweza kulifanya siku ileile aliyoshuka uwanja wa ndege wa Arlanda, bila fomu, bila namba, bila kujua neno hata moja la Kiswidi, ni kutoa kichwa dirishani Jumanne usiku akapiga mayowe.

Wapo wanaoyaona mayowe hayo kuwa ni utovu wa adabu tu. Nimejitolea kuyatetea, maana yenyewe kila yakipewa nafasi ya kujieleza hupiga kelele.

Mahali penyewe ni Lappkärrsberget, mtaa wa mabweni ambao wakazi wake wameufupisha wakauita Lappis. Uko kaskazini mwa katikati ya jiji, umezungukwa na miti, mwendo mfupi kwa miguu kutoka viwanja vya Frescati ambako Chuo Kikuu cha Stockholm kilihamia mwaka 1970. Ikigonga saa nne kamili usiku, dirisha moja linafunguka na mtu anapiga yowe. Anajibiwa kutoka jengo la pili. La tatu linadakia, la nne, na kwa muda mfupi mtaa mzima ni ukelele mtupu. Kisha madirisha yanafungwa, kila mtu anarudi kwenye kompyuta yake. Wenzao wa Flogsta, kule Uppsala, hupiga yao saa hiyohiyo kila usiku wa Mungu. Huo mimi nauita ulafi. Mara moja kwa wiki inamtosha mtu aliyelelewa vizuri.

Tazama pia usahihi wa saa. Katika vyuo vya Uswidi mhadhara ulioandikwa saa nne huanza saa nne na robo, na robo hiyo imehesabiwa kuwa mila ya wasomi tangu zamani. Mayowe hayana robo ya wasomi. Tena yameichagua saa ambayo katika majengo mengi ya kupanga ndiyo mwanzo wa ukimya wa usiku, kana kwamba ukimya nao unahitaji mtu wa kuufungulia mlango.

Mpinzani atanijia na methali. Ataniambia debe tupu haliachi kuvuma. Huyo hajaishi kwenye korido ya Lappis. Vyumba vimejipanga pande mbili na jiko ni moja. Ndani ya friji kila rafu ina jina lake, na mtindi nao umeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Juu ya sinki kuna karatasi isiyo na saini, yenye maneno ya heshima na alama tatu za mshangao, ikimwomba yule aliyeacha sufuria tangu Ijumaa ajitafakari. Nje ya mlango wa jiko utamkuta mtu amesimama na kikombe chake, anasubiri uliyemo ndani utoke, asije akalazimika kusema neno. Mnaweza kuishi hivyo tangu Septemba hadi Februari, ukuta mmoja katikati, hujui jirani anaitwa nani ila umeisoma mitindi yake. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu ni kama walipitia jiko hilo. Huo mshindo umepangiwa Jumanne, na siku nyingine zote watu wanalala.

Kwetu yowe ni deni. Usukumani ukipigwa mwano, kila mwenye nguvu anatoka na alichonacho mkononi. Buganda wana enduulu yao, na ukipiga nduru Nairobi usiku, asiyetoka atakuwa na la kueleza asubuhi. Waingereza nao waliwahi kuliandikia sheria: ile ya Winchester ya mwaka 1285 iliwataka watu wote wamfuate mhalifu kwa kelele, mji hadi mji. Watu wa Lappis wamelitua yowe mzigo huo. Hakuna anayekuja. Hakuna panga, hakuna rungu, hakuna kijana wa watu anayepigwa kwa kukosewa sura. Unalia kwa nguvu zako zote na hakuna anayekuuliza una nini. Hapa nakiri mayowe yana ufundi ambao sijui niuite faraja au nini.

Mwenzangu mmoja wa Mwanza alikuwa akiongea na mama yake kwa simu mwezi wa Aprili, dirisha wazi, akasahau saa. Mtaa ukalipuka.

"Mwanangu, mmevamiwa?"

"Hapana, mama. Ni Jumanne."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wanakula vizuri.

Jirani za Waswidi, Wanorwe, walishayapa mayowe heshima yake zamani. Edvard Munch aliyachora mwaka 1893, wakayatundika kwenye jumba la taifa la sanaa mjini Oslo. Kwetu mwizi ndiye anayeleta yowe. Oslo mwizi alikuja kuchukua yowe lenyewe. Liliibwa mwaka 1994, na mwaka 2004 likaibwa jingine, la mchoraji huyohuyo, kutoka jumba la makumbusho lenye jina lake. Yote mawili yalipatikana. Yowe la Lappis haliibiki, na halina bima.

Sasa kuna suala la likizo. Mwanafunzi aliyekulia kwenye filamu za Kimarekani huwasili akiamini kwamba mwezi wa Machi kuna wiki ya ufukweni. Akiangalia kalenda ya chuo anakuta muhula wa pili wa mwaka wa masomo unaanza Januari na kwenda moja kwa moja hadi mwanzo wa Juni, mtihani wa kozi moja ukipisha mwanzo wa nyingine. Watoto wa shule wanayo wiki yao ya michezo ya theluji, Stockholm huangukia karibu na mwisho wa Februari. Nayo haikuanza kwa ajili ya raha: ilitokana na wiki ya mwaka 1940, wakati wa vita, shule zilipofungwa ili kubana makaa ya kupashia madarasa joto. Chuo kikuu hakikubana chochote. Pasaka ina Ijumaa Kuu na Jumatatu yake, basi. Tarehe 30 Aprili huwashwa mioto mikubwa na kwaya huimba kuukaribisha msimu wa maua. Ni jambo zuri, lakini hapo lazima usimame, uvae vizuri, uwasikilize wengine wakiimba. Kwa hiyo likizo ya Machi ya mwanafunzi wa Lappis ni dakika chache za Jumanne, hewa ya baridi usoni, tasnifu nyuma yake ikiwa bado kwenye sura ya pili.

Na ni likizo isiyo na daraja. Tangu mwaka 2011 wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya hulipa ada katika vyuo hivi, ilhali Mswidi na Mjerumani hawalipi. Dirishani wote ni bei moja. Ukikaa muda mrefu unaanza kuzitambua sauti. Yuko anayeanza sekunde kadhaa kabla ya saa. Huyo ni mhandisi, hana siri. Yuko anayetoa yowe refu, zito, lisilopanda wala kushuka, kama honi ya meli ya Azam ikiingia bandari ya Malindi, Zanzibar. Nadhani anaandika udaktari. Wa muhula wa kwanza hucheka katikati. Na wiki ya mitihani hutokea mmoja ambaye yowe lake si mchezo hata kidogo. Wenzake humfunika upesi kwa ya kwao, likawa jambo la wote.

Kasoro ya mayowe ni moja, na inaletwa na jua. Desemba linazama kabla ya saa tisa alasiri, hivyo kiza kinamsitiri kila mtu. Mwanzoni mwa Juni, saa nne usiku ndiyo kwanza limetoka kuzama na mbingu ni nyeupe. Wapiga mayowe wanaonana. Yule wa mlango wa pili, ambaye tangu Septemba hajawahi kukujibu salamu, yuko dirishani na fulana ya ndani, macho ameyafumba, mishipa ya shingo imesimama. Anafumbua, anakuona. Wote wawili mnageukia mti uliopo.

Kesho yake jikoni anakusalimia. Anataja hali ya hewa. Anakuuliza unahama lini, na kama rafu yako ya friza itabaki wazi.