Namna ya Kuingia Maktaba ya Mkoa na Kutoka Salama

Kama hujakanyaga maktaba ya mkoa tangu ulipomaliza shule, usijifanye unaijua. Kuna watu waliingia pale mchana kweupe kutafuta kivuli tu, wakatoka na kadi ya uanachama, riwaya nene kwapani na tarehe ya kuirudisha. Yasikukute hayo bila taarifa.

Kwanza mlangoni. Mlinzi atakuambia uache begi, naye atakupa kibati chenye namba. Usibishane naye kwamba begi lina kompyuta. Kompyuta ingia nayo mkononi, begi linabaki. Halafu kuna daftari la wageni: jina, unakotoka, sababu ya kuja, sahihi. Kwenye safu ya sababu mtu wa kwanza asubuhi aliandika "kusoma", na waliomfuata wote wameweka alama za kurudia mpaka chini ya ukurasa. Weka na wewe. Mtu aliyewahi kuandika "kupumzika" aliitwa pembeni akaulizwa maswali.

Ukishapita, tafuta kiti, na hapa ndipo wageni wengi huumia. Maktaba zetu huazimisha viti kuliko vitabu. Saa tatu asubuhi haijafika, kila kiti kina mwenyewe: wa kidato cha sita, wa chuo, na wale walioitwa kwenye usaili wa ajira serikalini. Hawajagusa rafu hata moja. Wamekuja na madesa yao wenyewe, na sitawalaumu, kwa sababu nyumbani kuna televisheni, mtoto mchanga na jirani mwenye spika. Wanachokuja kuchukua maktaba ni meza, feni na ukimya, vitu ambavyo mtaani havipatikani hata kwa kulipia. Sasa wewe ukiona kiti kitupu ambacho mbele yake kuna daftari lililofunguliwa na kalamu juu yake, jua hicho si kitupu. Mwenyewe amekwenda kunywa chai na atarudi adhuhuri. Kiti cha jirani na soketi usikitolee macho kabisa, hicho hurithiwa.

Upande wa magazeti una wazee wake. Mzee anasoma gazeti moja, la pili amelikalia, na la tatu ameliwekea kiwiko. Ukimwomba moja kwa moja atakuambia bado hajamaliza, na ni kweli. Fanya hivi: "Shikamoo mzee." Atajibu "Marahaba" bila kuinua macho. Kaa, tulia, kisha uliza kwa sauti ya chini, "Hivi jana Simba walimalizaje?" Atakusimulia mchezo wote, pamoja na penalti waliyonyimwa, na katika kusimulia atainuka kidogo kukuonyesha mpira ulipopita. Hapo ndipo uvute lile alilokalia. Ila hakikisha kwanza yeye si wa Yanga.

Sasa rafu. Usiende na akili ya dukani, ukadhani vitabu vimepangwa kwa ukubwa au kwa rangi. Mfumo wa namba ulianzishwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, na una mambo yake. Fasihi ya Kiingereza imepewa namba zote za 820 na kuendelea mpaka 829, ijinyooshe inavyotaka. Fasihi za lugha nyingi za Kiafrika, mpaka Kizulu, zimebanwa ndani ya namba moja, 896, zigawane nukta. Kiswahili tumepata 896.392. Ikariri, maana hata mshale wa kukuelekeza huenda ukawa umeanguka. Namba nyingine ya kukariri ni 636.5, ufugaji wa kuku. Hutakuta kitu hapo, kwa kuwa mji mzima unafuga. Ukibahatika kukikuta kitabu hicho, kichukue hata kama huna kuku, utawapata.

Jihadhari pia na rafu za vitabu vya msaada kutoka nje. Wafadhili wema hutusaidia kwa moyo, lakini wakati mwingine hutusaidia na vile ambavyo kwao havina mtu. Ndiyo maana mtoto wa hapa anaweza kukosa kitabu cha fizikia ya kidato cha pili, akapata mwongozo mzuri kabisa wa Windows 95.

Tuje kwenye mapendekezo, ambayo ndiyo hatari yenyewe. Mkutubi hana haraka. Kijana anafika kaunta: "Dada, naomba kile kitabu cha bluu, cha nanii, tulikisoma shule." Ungetegemea amfukuze. Yeye anamtazama juu ya miwani, anamuuliza swali moja tu, "Yule msichana anakufa au hafi?", anakwenda nyuma, anarudi na kitabu chenyewe. Mtu wa namna hiyo akikuambia "jaribu na hiki", kimbia kama una kazi za kufanya wiki hii.

Akikupa riwaya za Muhammed Said Abdulla, ambazo zilianza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, utakesha na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, kisha kesho yake utaanza kumchunguza mwenye nyumba wako. Tahadhari maalumu: katika nakala za maktaba, vitabu vya upelelezi vina wasomaji wasio na huruma. Kuna mtu hulizungushia duara la kalamu nyekundu jina la muuaji katika ukurasa wa kwanza linapotajwa. Mwingine huchana ukurasa wa mwisho. Hawa wawili wangekutanishwa wasaidiane.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa shuleni. Hakuna tangazo la biashara linaloshinda hilo. Ukiona nakala ya riwaya imelegea uti wa mgongo, usiulize ni ipi. Kusadikika ya Shaaban Robert utaikuta nadhifu, kwa sababu wanafunzi wengi hawaisomi. Wanavuka barabara kwenda steshenari kununua kijitabu cha uchambuzi, wanakariri dhamira na wahusika, wanafaulu, na hawajui kama kitabu chenyewe kinasisimua. Hili mimi linaniudhi kuliko kurasa zilizochanwa. Abdulrazak Gurnah aliposhinda Nobeli mwaka 2021, watu wakaja kumuulizia yule Mzanzibari. Peponi, riwaya yake iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka uliofuata. Kama maktaba yako inayo, andikisha jina mapema. Na siku ukitaka kusema huna muda wa kusoma, usiseme hivyo karibu na rafu yenye Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Aliyezitafsiri tamthilia hizo za Shakespeare alikuwa wakati huo anaongoza nchi.

Shughuli za maktaba nazo zina kanuni zake. Saa ya hadithi ya watoto usiipite karibu ukiwa na haraka, utajikuta umechuchumaa nyuma kwenye mkeka kujua sungura alitokaje. Lakini sherehe ni jambo lingine. Iwe Siku ya Vitabu Duniani, tarehe 23 Aprili, au Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, ratiba inasema saa mbili na nusu. Watoto watakuwa wamepangwa juani saa mbili. Mgeni rasmi atafika saa tano, ataimbiwa, atasomewa risala, nayo risala itaomba vitabu, viti na choo. Atajibu kwamba amesikia na kwamba serikali inaendelea kulifanyia kazi. Atapiga picha ameshika kitabu, ambacho kitaondoka naye kwenye gari. Siku hiyo maktaba haisomeki, kwa hiyo ukitaka kusoma baki nyumbani.

Labda baada ya yote haya bado unataka uanachama. Haya. Utajaza fomu, utaleta picha, utatafuta mdhamini. Utashangaa: jirani aliyekudhamini mkopo wa VICOBA bila hata kuuliza riba, ukimwomba akudhamini kitabu, atataka kujua ni kitabu gani na unakipeleka wapi. Mvumilie, anajua tabia za mtaa wetu. Kitabu kikishagongwa muhuri usikiache mezani sebuleni. Atakuja shemeji, atakifungua katikati, atasema "hiki nakirudisha kesho", na utamwona tena kwenye harusi.

Taifa lilianza kazi hii mapema. Bodi ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam. Tangu hapo mikoa imekuwa ikipokea vitabu, na mitaa imekuwa ikivihifadhi majumbani bila kuombwa.

Kwa hiyo nalisema hili kwa adabu: wewe uliyeazima Utengano ya Said Ahmed Mohamed kutoka maktaba yetu, ukahama mtaa bila kuaga, ilete. Faini yake haiwezi kukushinda. Kama unaona haya, mpe mlinzi pale mlangoni, hatakuuliza kitu.