Firigisi ya Baba Mkwe

Tarehe 23, mfukoni shilingi 3,000, mke kasafiri. Nikashuka Shekilango, nikawapita kuku wazima bila kuwatazama machoni, nikasimama kwa mama anayeuza vya ndani. Akanifungia firigisi nne, maini kidogo na utumbo uliojikunja kama waya wa chaja. "Za kienyeji hizo, kazisafishe vizuri, mwanangu." Nikaitikia "sawa, mama" kwa sauti ya mtu aliyezaliwa jikoni.

Utumbo wa kuku unataka kupasuliwa kwa urefu, kisha uoshwe kwa chumvi na ndimu mpaka ule utelezi uishe. Nilianza na wembe. Baada ya nusu saa nilikuwa nimepasua utumbo wa kuku mmoja na kidole gumba kimoja. Nikakumbuka marehemu bibi hakuwa akipasua kitu; aliupindua tu kwa njiti ya mwavuli. Yeye alitumia mwavuli mbovu. Mimi nilikuwa na mzima, wa mke wangu, unaning'inia nyuma ya mlango. Kazi ilikwenda vizuri sana.

Maini nikayatosa kwenye mafuta ya moto yakiwa bado yanachuruzika maji. Yalilipuka kama fataki. Nikayageuza kwa mbali, mfuniko wa sufuria mkononi kama ngao.

Hodi! Baba mkwe. "Napita tu," huku anavua viatu. (Mzee huyu hajawahi kupita tu.)

Kwetu firigisi haigawiwi ovyo, ni ya mkubwa. Nikampakulia zote nne na ugali. Akang'ata. Kruu! Hapo ndipo somo la sayansi la shule ya msingi liliponirudia: kuku hana meno, humeza vijiwe, na firigisi ndiyo inayosaga. Mimi nilikuwa nimezipasua nikasuuza mara moja, harakaharaka. Ile ngozi ya njano ya ndani, inayotakiwa kubanduliwa, niliiacha kwa kuipenda rangi.

Mzee akatoa kijiwe mdomoni, akakiweka ukingoni mwa sahani. Akaendelea kula. Kufika cha tano alikuwa amevipanga mstari kama kete za bao.

"Mkwe," akasema taratibu, "kokoto hizi si ungepeleka kiwanjani kwenu?"

Nikamwongezea mchuzi.

Alipoinuka kuaga, mvua ikaanza. Akatazama nje, akatazama nyuma ya mlango.

"Hebu nipe ule mwavuli niliomnunulia binti yangu."