Umepangiwa Mgeta? Ya Kuonyesha na ya Kuficha Kazini

Barua ya ajira ya ualimu imesema Mvomero, halmashauri imesema Mgeta, na wewe ni mtoto wa Sinza, Dar es Salaam. Kabla hujaripoti, tuhesabu kuanzia chini kwenda juu.

7. Baridi. Onyesha, tena mapema. Serikali ilitoa waraka wa mavazi ya watumishi mwaka 2007, kaptura marufuku. Huku juu Uluguru, ifikapo Julai, hakuna hata anayeikumbuka kaptura. Tetemeka hadharani, utaazimwa koti.

6. Kwamba hujawahi kuiona karoti ikiwa ardhini. Onyesha. Wenzako wanalima kabeji, njegere na viazi kwenye miteremko ambayo wewe kupanda mikono mitupu tu unatweta. Anayejifanya anajua hupewa jembe.

5. Chama chako. Ficha. Kura ni siri, fulana ya kampeni si siri.

4. Mshahara. Hapa tukae kidogo. Kiasi unaweza kukificha, tarehe huwezi: mwenye duka ataijua kwa kilo za sukari ulizobeba. Hatari ni kujikweza. Unalijua gunia la lumbesa, lile la sokoni Nyandira lenye kilemba juu? Wakala wa Vipimo hawalitaki, mnunuzi analitaka sana, na anayeumia ni aliyelijaza. Basi mtumishi anayejitia ana zaidi ya alichonacho kajishonea lumbesa. Kadi za michango ya harusi zitampimia pamoja na kilemba, na mkuu wa shule atamkopa nauli ya kwenda Morogoro. (Hairudi hiyo.)

3. Ukoo. Utaulizwa, na wewe utaanza na baba, babu, baba wa babu. Umejibu swali la watu wengine. Waluguru ukoo wanaufuata kwa mama, na ardhi ya ukoo inapita hukohuko. Mtaje mama na wajomba. Wasifu wako wa kurasa nne hautaulizwa hata ukurasa mmoja.

2. Uso wako mbele ya maziwa ya mbuzi. Ficha! Chuo Kikuu cha Sokoine kilileta huku mbuzi wa maziwa kutoka Norwei miaka ya 1980, na wafugaji wanajivunia haswa. Mzee akikukaribisha kikombe, huo ukweli wako uache mlangoni. Kunywa, sema ahsante babu, omba kidogo tena. Uongo mwingine wote naupinga, huu naudhamini.

1. Hamu ya kuhama. Kila mtu anayo, kila mtu anaificha, na haifichiki. Zamani barua ya uhamisho ilipitia kwa mkuu wako, kwa hiyo siri ilianzia mezani pake. Siku hizi unaomba mwenyewe kwenye ESS, mfumo wa watumishi wa mtandaoni, ila mfumo unataka mtandao, na mtandao unataka kilima. Panda jioni, taratibu, kama unanyoosha miguu. Utamkuta mkuu wa shule kashatangulia, kanyanyua simu juu ya kichwa.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, mwalimu. Nampigia shemeji yako tu hapa."