Mlango, Boriti na Kunguru Mtembeza Wageni

(Mji Mkongwe, Unguja, baada ya alasiri. Wanaozungumza ni watatu: Bi Mlango wa msaji, mwenye nakshi na misumari ya shaba, Mzee Boriti, mti wa mkoko aliyebeba sakafu ya ghorofa ya kwanza na asiyewahi kupigwa picha, na Kunguru, ambaye wazee wake waliletwa kutoka India miaka ya 1890 waje kuokota taka za mji. Kundi la wageni, mbayuwayu wa Ulaya, limeondoka punde.)

KUNGURU: Leo mambo yamenyooka, Bi Mlango. Kwa saa mbili nimewazungusha mji mzima. Nimewaambia hiyo misumari yako ni ya kuwazuia tembo wa vita wasikuvunje.

MLANGO: Tembo gani wa Unguja, mwanangu? Hizo ni habari za Bara Hindi. Huku misumari ni pambo tu, ya kumwonyesha jirani kuwa mwenye nyumba anazo. Lakini endelea. Mimi nikisifiwa sisahihishi.

KUNGURU: Nikawaonyesha mnyororo uliochongwa kwenye fremu yako, nikasema ndiyo alama ya mfanyabiashara wa watumwa. Wawili wakalia. Kisha nikawapeleka kwa mwimbaji Freddie Mercury. Wakauliza nyumba yake hasa ni ipi, maana wameshasikia zaidi ya moja. Nikawachagulia iliyo karibu na muuza juisi. Ziara ingekwisha salama, ila kuna mmoja mdogo aliniharibia. Ati kwa nini ukuta huu unatoka chumvi na kumenyuka? Nikamwambia ni uzee.

BORITI: Si uzee. Ni saruji.

KUNGURU: Lahaula! Nani huyo?

MLANGO: Huyo Mzee Boriti, yuko juu hapo. Husema mara chache, na akianza hamalizi.

BORITI: Keti, kijana, bawa halitakuuma. Ukuta huu ni wa mawe ya matumbawe, umeshikwa na chokaa na udongo mwekundu. Masika maji huingia ndani, kiangazi yakatoka, kwa sababu chokaa huyapisha. Mwenye nyumba wa leo akiona ufa humwita fundi aupige plasta ya saruji, na saruji haipishi. Maji hubaki ndani yanatafuta njia, yakifika usoni yanakauka na kuacha chumvi, na chumvi ndiyo inayobandua plasta uliyoiita uzee. Mimi ncha zangu zote mbili zimefukiwa ndani ya ukuta huo huo. Ukiloa, naoza, tena mahali pasipoonekana. Na ukitaka kujua kwa nini vyumba vya mji huu ni virefu na vyembamba, hata katika nyumba za matajiri, jibu ni kwamba boriti ya mkoko ni nadra kuvuka mita tatu au karibu yake. Mchoro wa mji mzima umekatwa kwa kipimo changu. Katika ziara zako umeshalisema hilo?

KUNGURU: Mzee, mgeni halipi kutazama dari. Hulipa kutazama mlango.

MLANGO: Amesema kweli.

BORITI: Hapo ndipo penye ubishi wangu na nyinyi wawili. Ziara huwafundisha watu kitu cha kupenda, na pesa hufuata mapenzi. Ukiwafundisha kupenda sura, sura itapakwa rangi kila mwaka na mgongo utaachwa. Ushahidi uko Forodhani. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Sayyid Barghash, kwa nguzo za chuma na roshani zilizoizunguka. Ikatiwa umeme na lifti wakati miji mingi ya pwani hii haijaona hata kimoja. Manowari za Waingereza zilipopiga hapo tarehe 27 Agosti 1896, ilibaki imesimama. Baadaye ikawa ofisi za serikali, ikawa makumbusho. Hakuna jengo Unguja lililotazamwa, likaelezwa na kupigwa picha kuliko hilo. Basi mwaka 2012 kipande cha roshani kikaanguka, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya upande wa mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, kazi ya matengenezo ikiwa inaendelea, na watu wawili wakafa. Ingekuwa kutazamwa kunalinda nyumba, hiyo ingekuwa ya mwisho kuanguka katika dunia hii.

MLANGO: Lakini, Mzee, bila watazamaji hata hayo matengenezo yasingefikiriwa. Nani angemkumbuka Barghash? Mji huu uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu hapo tumepata heshima, mipango na wafadhili. Wewe unaukata mti unaokupa kivuli.

BORITI: Siukati. Fedha ya wageni ni ya kweli na sina ubishi nayo. Ninachouliza ni inakoishia. Nyumba zinazotengenezwa vizuri kwa fedha hiyo ni zile zinazogeuzwa hoteli, na nyumba ikishakuwa hoteli, waliokuwa wakiishi ndani wanakuwa wapita njia. Tena hata hoteli haikubali sikuzote kukaa ndani ya kipimo cha mji. Ilipojengwa ile ya kando ya jumba la Mambo Msiige pale Shangani, Kamati ya Urithi wa Dunia yenyewe ililalamikia ukubwa wake. Malalamiko yalitolewa, na jengo likasimama. Mjadala unaosikilizwa baada ya zege kukauka ni tanzia.

KUNGURU: Mzee, mambo haya yana wenyewe. Kuna Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe tangu 1985. Kuna mpango wa uhifadhi ulioandikwa miaka ya tisini kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan. Wataalamu walipita nyumba kwa nyumba. Sasa unataka nini zaidi? Nimwite muuza urojo aje aseme habari za matumbawe?

BORITI: Muuza urojo anaishi ghorofa ya pili ya nyumba hii, na bomba la choo chake ndilo linalonimwagia maji. Mtaalamu anajua jiwe, nami namheshimu kwa hilo. Asichoweza kukiona akipita mara moja na daftari ni nani amegombana na nani juu ya paa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mji huu zilitaifishwa, wenyewe wengine walikuwa wameshakimbia, na jumba lililojengwa kwa ukoo mmoja likagawanywa kwa familia tano au sita, kila moja na chumba chake na jiko lake. Nyumba nyingine ni za wakfu, nyingine zina warithi walio Muscat na Dubai ambao hawajakubaliana. Kodi ya mpangaji ni ndogo, haitoshi hata bati moja la maana. Paa likivuja, wa juu anasema si lake, wa chini anasema halimhusu mpaka maji yamfikie, na aliyekodisha anasema subirini bajeti. Huo ndio ugonjwa unaoua nyumba. Hautibiwi kwa patasi wala kwa cheti cha Urithi wa Dunia kutoka Paris. Hutibiwa kwa familia hizo kukaa pamoja na mwenye nyumba, fundi na ofisa, mbele ya mtaa, mpaka ijulikane nani analipa nini.

MLANGO: Na unadhani watasema nini hao wakiulizwa? Nitakwambia mimi, ninayewasikia wakipita. Watasema tunataka madirisha ya alumini, marumaru za sakafuni, na huu mlango uuzwe, kuna Mzungu ameutaka. Waulize watu, na kesho huna mji.

BORITI: Hoja hiyo ni nzito kuliko zote zilizosemwa leo, na sitaipita kwa mzaha. Ni kweli watasema hivyo, siku ya kwanza. Siku ya pili waulize kwa nini. Kwa nini saruji? Kwa sababu iko dukani, inakauka kwa siku moja, na kila fundi anaijua. Chokaa inataka mawe yachomwe tanuni, izimwe kwa maji, iozeshwe shimoni wiki nyingi, kisha apatikane fundi aliyefunzwa kuipaka. Mpangaji asiye na hakika kama mwakani atakuwa humu hawezi kungoja wiki nyingi kwa ajili ya ukuta usio wake. Anayechagua saruji anaijua hesabu yake vizuri sana, na huo uzuri unaosema haujui anaupita kila siku. Mpe mkataba mrefu, chokaa iliyokwisha kuozeshwa na bei anayoiweza, kisha umuulize tena. Asipoulizwa, ataendelea kujibu kwa mwiko na plasta usiku, wakati ofisa amelala. Hivi sasa ndivyo anavyojibu.

KUNGURU: Haya, wapangaji nimewaelewa. Lakini hadithi zangu zina kosa gani? Tembo hakumuumiza mtu.

BORITI: Tembo hana neno. Mnyororo ndio wenye neno. Wapo wanaosema ni nakshi ya ulinzi tu, na wewe umeugeuza hati ya mashtaka dhidi ya mwenye nyumba usiyemjua jina. Nenda Mkunazini. Wageni hushushwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, wakaambiwa humo walifungwa watumwa wakingoja kuuzwa. Wapo watafiti wanaosema jengo lile lilijengwa na misheni kuwa hospitali, miaka mingi baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa watu hupenda kuteleza. Soko lilikuwepo, pale pale penye kanisa la misheni hiyo. Watu waliuzwa, na hakuna mtafiti wa maana anayelikana hilo. Shaka ni ya chumba, haigusi dhambi. Lakini mgeni akija kujua kesho kwamba chumba ni cha hospitali, atatilia shaka na soko pia, na aliyemfungulia mlango huo wa shaka ni mtembezaji aliyeogopa kusema, "jambo hili linabishaniwa." Ungelisema hivyo na kuziweka hoja zote mbili mbele yao, kile chumba kingewafikirisha zaidi.

MLANGO: Yakhe, kumbe wataka ziara iwe darasa.

BORITI: Nataka ziara iwe na wenyeji wanaobisha. Na nataka ivuke barabara. Kijana, ziara yako huishia wapi?

KUNGURU: Darajani. Baada ya soko nawageuza. Ng'ambo, upande wa pili wa barabara, hakuna kitu.

BORITI: Ng'ambo kuna watu wengi kuliko huku, tangu zamani. Waliojenga huko walimiliki nyumba lakini ardhi ilikuwa ya wengine, na mwaka 1928 walikataa kulipa kodi ya ardhi hiyo. Mimi naliita hilo mjadala mkubwa wa ujenzi kuliko wote uliowahi kufanywa katika mji huu, maana watu walikuwa wanabishana juu ya swali lililo chini ya kila msingi: nyumba ni ya nani ikiwa uwanja si wake? Kisha yakaja majumba ya Michenzani, ya Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, mabloku ya zege yanayokaribia mita 300 kwa urefu, yaliyokatiza mitaa ya vibanda kwa umbo la msalaba. Muulize aliyepewa fleti humo, atakwambia alitolewa kwenye udongo akapewa ghorofa. Muulize aliyevunjiwa nyumba kupisha barabara, utasikia mengine. Wote wawili wako hai na wote wana haki ya kusema. Barghash huwezi kumuuliza. Inakuwaje ziara ya majengo iwape nafasi maiti tu?

MLANGO: Michenzani si usanifu. Ni maboksi. Hakuna hata ua moja lililochongwa.

BORITI: Bi Mlango, nawe ulikuwa wa kisasa siku uliyotiwa bawaba. Na hao wa Ng'ambo wameshaonyesha kuwa kazi hii inawezekana. Katika ule mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, wataalamu wa mipango miji wa serikali, pamoja na wenzao wa Uholanzi, walipita mitaani na wanafunzi, wakaandika majengo, viwanja, maskani na mahali watu wanapokunywa kahawa, wakawauliza wenyeji mji wanaoutaka. Kikatoka kitabu kizima cha ramani mwaka 2019. Simdanganyi mtu: kitabu hakizibi paa, na mikutano mingine huzaa mikutano. Lakini kabla ya hapo Ng'ambo ilikuwa "hakuna kitu" katika vinywa vya watembezaji. Sasa anayetaka kuvunja kitu huko ana ramani ya kubishana nayo.

KUNGURU: Basi nimeshindwa. Nitafanya hivi: nitaanzia Michenzani kwenye mnara, nivuke Darajani, nimalizie hapa kwa mazungumzo. Mbayuwayu watalipa. Sasa wenyeji niwatoze kiasi gani?

BORITI: Wenyeji hawalipi. Na wao ndio wa kwanza kusema.

KUNGURU: Wa kwanza? Wakianza na habari ya bomba la choo?

BORITI: Waanze nayo hasa.

KUNGURU: Mzee, wewe hujui watu wa mji huu wanavyonichukia. Miaka ya tisini walitutilia sumu. Nikiwaita kwenye mjadala, ajenda ya kwanza itakuwa mimi.

BORITI: Ni haki yao. Uje na hoja zako.

MLANGO: Na mimi je? Katika huo mpango wenu sijasikia nafasi yangu. Nitasimama wapi? Nitaelezwa na nani? Watapiga picha saa ngapi?

KUNGURU: Wewe, Bi Mlango, siku hiyo utafunguliwa. Watu ni wengi, wanataka kupita.