Minafinya, Haisikie

Mama mwenye sekretaria karibu na kituo cha reli hapa Tenke alihamia Linux kwa kukimbia njia za mkato. Flashi za wateja zilikuwa zikimletea kirusi kile kinachoficha mafaili na kukuachia vijishale vitupu. Kijana anakuja kuchapisha CV ya kupeleka mgodini, anakuta maisha yake yote yamegeuka njia ya mkato isiyofika popote. Sasa mimi nikamwambia kwamba kwenye kompyuta hii mpya nitamwekea njia za mkato. Aliniuliza kama nina homa.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Mkate wake ni barua za kuomba kazi, na barua hizo ni ndugu wa tumbo moja: mahali na tarehe, jina, heshima tele kwa Kifaransa, sahihi. Kwa nini kila asubuhi afungue barua ya jana na kufuta jina la mtu mwingine? (Mara nyingine halifutiki lote, na kuna jamaa aliomba kazi kwa jina lake na ukoo wa jirani.) Ikoni mbili zingetosha. "Barua" iulize jina na kupanga maandishi. "Toa" iipeleke barua ya mwisho kwenye printa.

Kuandika skripti kwa kibodi ya Kifaransa ni mazoezi ya viungo. Alama ya kwanza kabisa, #, inadai AltGr na 3, na mkwaju (/) hauji bila Shift. Mwanagenzi wa Mama hakutaka jasho hilo. Alinakili maelekezo kutoka kwenye simu, likiwemo agizo la mkdir -p ~/Desktop. Lakini kompyuta yetu inaongea Kifaransa, na humo sehemu hiyo inaitwa Bureau. Linux haikubisha. Ilitengeneza folda mpya iitwayo Desktop, mahali ambapo hakuna anayetazama, ikawa inapanga barua humo kwa adabu zote, huku wateja wakiambiwa kutwa nzima kwamba zimepotea. Dawa yake ni amri ya xdg-user-dir DESKTOP, ambayo hukujibu njia ya kweli hata kompyuta iongee lugha gani.

Ikoni nayo ikagoma. Ndani ya faili la .desktop kuna mstari wa Exec, unaosema ni programu gani iendeshwe, na mwanagenzi alikuwa ameanza na ~, alama ambayo kwenye terminali maana yake ni nyumbani. Mtu wa Tenke hapaswi kushangaa. Hapa ndipo reli ya kutoka Lubumbashi inapogawanyika, moja ikielekea Kolwezi, Dilolo na Lobito baharini, nyingine Kamina hadi Ilebo. Mwambie dereva wa treni "nipeleke nyumbani" uone atakavyokujibu. Exec inataka njia nzima, kuanzia /home. Tukaiandika, tukaipa ruhusa kwa chmod +x, ikaamka.

Halafu umeme ukakatika. Mto wetu Lualaba una mabwawa ya Nzilo na Nseke, lakini hilo halimzuii mtu kununua betri ya sola, na laptopu ya Mama ilikuwa inaishi juu ya betri hiyo. Printa haikuwa na bahati kama hiyo. Mteja mmoja, Mama akiwa amegeuka kuhesabu chenji, akajibonyezea "Toa" mwenyewe. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mama, minafinya, haisikie."

"Finya tu, papa, iko ya uvivu."

Akafinya. Ilikuwa inasikia vizuri mno. Kila mbofyo ulisimama kwenye foleni, ukangoja.

Umeme ulirudi usiku wa manane. Mlinzi alinipigia simu akihema: "Papa, kuko muntu mule ndani, anaandika!" Nikamwambia ni printa. Akasema yeye halindi printa zinazofanya kazi usiku, na kama nataka nije nilinde mwenyewe.

Asubuhi trei ilikuwa tupu na barua moja ya kijana mmoja imetapakaa sakafuni. Mama hatupi karatasi. Alimwuzia jirani anayekaanga mikate. Kwa siku kadhaa abiria wa kituoni walikula mikate iliyofungwa kwa ombi lile, na leo nusu ya Tenke inajua kwamba kijana yule anaendesha lori la tani nyingi, hanywi pombe na yuko tayari kuanza mara moja.

Nikaongeza flock -n mwanzoni mwa skripti, na skripti isiondoke hadi printa imalize: mbofyo wa kwanza ukishika kazi, inayofuata inarudishwa mlangoni. Lakini mteja anayerudishwa kimyakimya atafinya mpaka panya ife, kwa hiyo kwa notify-send nikaweka kijibango kinachotokea kwenye skrini: "Nimesikia, papa. Ngoja."

Wanaume wameridhika. Juzi mama mmoja mwenye ndoo ya samaki alibonyeza, akakisoma, akageuka kutazama nyuma yake, kisha akamwuliza Mama papa ni nani humu ndani na kwa nini ahudumiwe kabla yake.