Foleni Hadi Kileleni

Maegesho ya lango la Machame, kusini-magharibi mwa Kilimanjaro, hujaa kabla mpandaji hajamaliza kufunga kamba za viatu. Wanaoyajaza si wapandaji. Mgeni mmoja hufuatana na wagumu, yaani wapagazi, watatu au wanne, mbali na waongozaji na mpishi. Wageni kumi basi ni kijiji cha watu hamsini hivi, pamoja na mahema, mitungi ya gesi, viti vya kukunja, trei za mayai na, kwa mwenye uwezo, choo cha kubebwa mgongoni. Kijiji hicho hushuka kwenye basi dogo la Coaster, na nyuma ya Coaster hiyo zipo nyingine zenye vijiji vyake.

Wote hufika asubuhi, maana wote wametoka Moshi au Arusha baada ya chai, na wote wanataka kuiona kambi ya kwanza kabla ya giza. Aliyewahi amezibwa na aliyechelewa, naye aliyechelewa amezibwa na gari la Noah ambalo dereva wake amekwenda kutafuta supu. Kisha kuna mizani. Mzigo wa mgumu haupaswi kuzidi kilo 20, kwa hiyo kila furushi hupimwa, hupunguzwa, hupimwa tena. Hapo ndipo hugundulika kwamba begi la mgeni limo ndani ya gari la kundi jingine, nalo gari limeshageuza kurudi Moshi. Kima wa msituni hawana habari na foleni yoyote: boksi la chakula likiachwa wazi dakika moja, ndizi na kuku vimeshapanda mti.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, msafara wao ulikuwa umetoka pwani kwa miguu, hivyo suala la kuegesha halikuzuka.

Kwa mtu wa Pepa, juu ya milima ya Marungu katika jimbo la Tanganyika nchini Kongo, haya yanaweza kusikika kama malalamiko ya walioshiba. Pepa ina mwinuko, ina baridi, ina nyasi za kulisha ng'ombe, na maegesho yake hayana mwisho. Kazi ni kuyafikia. Msimu wa mvua dereva wa lori hahangaiki kutafuta pa kusimama, matope humchagulia. Abiria huambiwa, «Papa, mama, tushuke tusukume kidogo,» na kidogo hiyo huisha jioni. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Hifadhi ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, imelimaliza tatizo kwa njia safi zaidi: ndani yake hakuna barabara. Mgeni huja kwa boti au kwa ndege ndogo, kisha hutembea. Juu ya volkano ya Nyiragongo, karibu na Goma, kabla ya mlipuko wa Mei 2021, kulikuwa na vibanda 12 vya watu wawili wawili. Wageni 24 wakishajaa, wa 25 alilala Goma, na hakuna aliyehitaji kupandisha sauti.

Kilimanjaro pia ina vibanda, lakini kwenye njia ya Marangu tu. Kwingine watu hulala katika mahema, na hema halijui kusema limejaa. Ndiyo maana foleni ya langoni hupanda pamoja na wenye nayo. Mgumu, mwenye begi kichwani na jiko mkononi, huwapita wageni kwa mbio akiita «Pisha!», kwa sababu lazima chakula kiive kabla wao hawajafika. Kwenye ukuta wa Barranco kila mmoja hupanda kwa mikono na miguu, na mahali pamoja hulazimika kulikumbatia jiwe kifua kwa kifua. Wa nyuma husubiri kukumbatia kwake.

Usiku wa mwisho makundi huondoka kambi ya Barafu karibu saa sita, yakiwania jua lile lile, na mlima huvaa mstari wa taa za kichwani. Kileleni, mita 5,895, kuna kibao kimoja. Aliyelipa nauli ya kuvuka bahari hawezi kuridhika na picha moja. Ana bendera ya nchi, bendera ya kampuni, na bango la kumtakia mama yake siku njema. Anayengoja zamu amevua glavu ili ashike simu, na simu imezimika kwa baridi.

Waliopanda kwa Machame huteremkia Mweka, lango jingine kabisa, hivyo dereva lazima azunguke kuwafuata. Huko kuna foleni ya kujiandikisha, foleni ya cheti na foleni ya vijana wanaoosha viatu. Wageni hufika wakichechemea, vyeti mkononi, wakiitafuta Coaster yao. Wanaikuta. Wagumu walishuka saa mbili kabla yao, na viti vyote vya dirishani vimeshachukuliwa.